Siku Veneranda Alipoiacha Valvu ya Tembo

Mwezi wa tisa, wakati jua la Bukulu limeshakausha hata vijito vya msituni, Veneranda Nibitanga aliteremka kwenye chemba iliyo chini ya tenki la maji, akashika usukani wa valvu kubwa kwa mikono miwili na kuuzungusha. Ulizunguka. Akaendelea, nao ukaendelea kuzunguka bila kushika kitu, mwepesi kama pedeli za baiskeli iliyokatika mnyororo. Alisimama humo shimoni akiwa amejishika kiuno. Kilichokuwa kinamkosesha raha tangu mwaka jana kilikuwa kimetokea.

Valvu ile ndiyo mlango wa maji yote ya Bukulu. Pampu huyavuta maji kutoka kisima kirefu hadi tenki la kilimani, nayo hushuka kwa bomba moja nene, na kabla hayajamfikia mtu yeyote lazima yapite hapo. Ndani ya valvu mna sahani ya chuma inayopandishwa na kushushwa na mti wa chuma wenye meno kama skrubu. Meno yale yalikuwa yamelika. Sahani ilikuwa imening'inia katikati, haipandi wala haishuki. Maji yalipita kwa kujibana: waliokaa mtaa wa juu walipata, na mtaa wa chini, kilipo kituo cha afya, walipata mchirizi. Na sahani ile ikikatika na kuanguka yenyewe, hakuna ambaye angepata hata tone.

Alipanda juu, akafunika chemba, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Reveriani, mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji. Alimkuta anachambua tumbaku.

"Mwenyekiti, valvu kuu imekufa."

Reveriani hakusimama, ila mikono yake ilitulia. "Imekufa kabisa, au inaumwa?"

"Inaumwa ugonjwa wa kufa."

Veneranda alikuwa na zaidi ya miaka arobaini wakati huo, mwanamke mfupi mwenye mabega ya mtu aliyebeba vitu vizito. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka ule wa vita na kuletwa huku msituni, kwenye makambi ya Ulyankulu, wakati hakuna hata njia, wakapewa shoka na mbegu. Yeye alizaliwa Bukulu, na uraia walipewa akiwa mtu mzima tayari. Utoto wake ulikuwa wa ndoo. Mama yake, Bi Marcelina, alikuwa akimwamsha alfajiri kwa Kirundi, "Mwana wanje, tugende," yaani mwanangu, twende, nao walikwenda bondeni kupanga foleni kwenye dimbwi ambalo ng'ombe nao walilijua. Alipomaliza darasa la saba alisema anataka kujifunza ufundi bomba. Watu walicheka, lakini baba yake hakucheka. Aliuza mbuzi na kumpeleka chuo cha ufundi Tabora mjini.

Huko Tabora ndiko alikomfahamu Mzee Shaban Adinani. Watu wa Mzee Shaban waliingia Tabora zama za misafara, wakitoka pwani na nguo na shanga, wakielekea Ujiji. Mmoja wao aliugua njiani, akaachwa apone, akapona na kuoa. Toka hapo hawakuondoka tena. Mzee mwenyewe alikuwa na duka la vifaa vya maji karibu na soko: mabomba, viungo, koki, na valvu za kila saizi, zote za kiwanda kimoja cha ng'ambo. Zilikuwa na alama ya tembo ubavuni, na mafundi wote wa magharibi waliziita hivyo hivyo, valvu za tembo. Msichana kutoka makambini alipoingia dukani kuuliza jinsi valvu inavyofanya kazi ndani, Mzee Shaban hakumfukuza. Alichukua moja, akaifungua juu ya meza mbele ya wateja na kumwonyesha. Baadaye, mradi wa Bukulu ulipoanza na hakuna duka lililotaka kuwakopesha watu wa makambini vifaa, ni yeye aliyefungua stoo yake na kusema, "Chukueni. Huyu binti naijua mikono yake."

Kwa hiyo valvu za tembo za Bukulu hazikuwa chuma tu kwa Veneranda. Na kwa miaka mingi hazikumwangusha. Mwaka mmoja kabla ya habari hii alikwenda kununua ndogo ya njia ya shule, akaishika, akahisi kitu. Ilikuwa nyepesi. Alama ya tembo ilikuwepo, rangi ya bluu ilikuwepo, ila uzito ulikuwa umekwenda mahali. Alimwuliza Mzee Shaban. Mzee alisema kiwanda kimeuzwa kwa matajiri wengine, lakini jina ni lile lile. Akaifunga kwenye gunia bila kumtazama. Miezi michache baadaye ilipasuka ubavuni, na uwanja wa shule ukawa bwawa.

Ndiyo maana, Reveriani aliposema, "Basi panda basi uende kwa Mzee wako, lete nyingine," Veneranda alitikisa kichwa.

"Siendi kuleta tembo," alisema.

"Ulete nini?"

"Bado sijui."

Kwanza alinunua muda. Yeye na fundi mwenzake, Vedasto, walishinda siku nzima kwenye chemba wakitengeneza kibano cha chuma cha kuushika ule mti wa valvu usishuke zaidi. Kazi ilikuwa ya mashaka: ukikaza sana unaukata, ukilegeza hushiki kitu. Jioni kibano kilikuwa kimekaa na maji yanapita vile vile, kidogo. Ingesubiri wiki kadhaa, au ingekatika kesho. Veneranda alianza kulala na simu chini ya mto.

Kisha akaanza kutafuta. Aliwapigia waliosoma naye, wengine wako migodini Kahama, wengine viwandani Mwanza. Kila mmoja alikuwa na jina la kiwanda. Wawili walisifia kiwanda fulani, naye alipouliza kama wamewahi kukifungua kitu chake chochote, wakasema hapana, wamesikia tu. Hicho akakiacha. Kingine kilitengeneza valvu nzuri za mafuta na gesi, kubwa kuliko mahitaji ya kijiji chochote. Nacho akakiacha. Vikabaki viwili, na kwa kuwa majina yake yalikuwa magumu kutamka, yeye na Vedasto waliviita kwa alama zake: Nyota na Nanga.

Wakala wa Nyota alikuwa Dar es Salaam, kijana anaitwa Wilbroad, mchangamfu, anayeongea kama redio.

"Mama yangu, hiyo mali ni moto," alimwambia kwenye simu. "Saizi yako ninayo dukani. Ukisema ndiyo leo, kesho iko kwenye basi. Na bei yake hulinganishi na mtu."

Akamtumia picha na vyeti, vingi mpaka simu ikajaa. Veneranda alivisoma vyote. Vilikuwa vizuri. Akampigia tena.

"Mwanangu, nikitaka kuiona moja iliyokaa ardhini miaka kadhaa, nikaishike kwa mkono, niende wapi?"

"Hapo nisikudanganye, mama. Zimeingia nchini mwaka jana. Bado ni ngeni."

"Na mpira wake wa ndani ukichoka?"

"Ukichoka unanunua nyingine. Zimefungwa moja kwa moja, hazifunguliwi."

Alimpenda kijana kwa kutomdanganya. Lakini lile neno, hazifunguliwi, lilimkaa rohoni.

Wakala wa Nanga alikuwa Mwanza, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, Martha. Huyo hakuwa na saizi ile dukani. Ingebidi iagizwe, na kusubiri kungekuwepo. Bei yake ilikuwa juu ya Nyota. Veneranda alipomwuliza swali lile lile, Martha alijibu bila kufikiri.

"Nenda Igunga. Kuna kiwanda cha kukamua mafuta ya pamba, njia yao ya maji ina valvu zetu tangu zamani. Muulize fundi mkuu. Mimi sitampigia simu, usije ukadhani nimempanga."

Nyumbani, Veneranda alimweleza mumewe, Gervasi, ambaye ni mfuga nyuki na mtu wa maneno machache.

"Basi nenda," Gervasi alisema.

"Mwenyekiti anataka tuagize Nyota kesho. Na ana haki. Kule kituo cha afya wanazalisha kwa maji ya ndoo."

"Kibano kitashika?"

"Sijui, Baba Hilari."

"Na Nyota itashika?"

"Hilo nalo sijui."

"Kama yote mawili huyajui, nenda kwenye lile unaloweza kwenda kuliona."

Alipanda gari la alfajiri hadi Tabora, akaunganisha basi la Nzega na Igunga. Njiani alitazama nje, viwanja vya mpunga vimekauka na kupasuka, ng'ombe wa Wasukuma wanatafuta kivuli, malori ya Mwanza yanapishana kwa vumbi. Alikuwa na wasiwasi wa mtu anayekwenda kumchumbia mwanawe mke ukoo asioujua.

Fundi mkuu wa kiwanda aliitwa Octavian, mtu mrefu mwenye mvi za mapema. Veneranda alijieleza langoni, akidhani atazungushwa. Octavian alimsikiliza mpaka mwisho, akamwagiza mlinzi amtafutie kofia ngumu.

"Dada, umetoka Ulyankulu kuja kuangalia valvu?"

"Ndiyo, kaka."

"Basi usiangalie. Ishike."

Walikwenda nyuma ya jengo la mashine, ambako bomba la maji linaingia kwenye tanuri la mvuke. Nanga ilikuwa pale, rangi imebabuka, vumbi la pamba limeigandia kama manyoya. Veneranda alishika usukani. Ulikuwa mzito kidogo, uzito mzuri, kama mkono wa mtu anayekusalimia kwa moyo. Akafunga taratibu, akahesabu mizunguko kichwani, akafika mwisho. Octavian akafungua koki ndogo ya mbele kumwonyesha. Koki ilitoa maji yaliyobaki bombani, ikadondosha matone, ikakauka. Walisimama wote wawili wakiitazama ile koki kavu. Hakikutoka kitu.

"Mmewahi kuifungua?"

"Mara moja. Mpira ulichoka. Tukaagiza Mwanza, ukaja, tukabadilisha wenyewe." Octavian akainama, akagonga boliti za juu kwa spana. "Lakini nikwambie ubaya wake, maana aliyekutuma huenda hakukwambia. Hizi boliti wanazoleta nazo ni dhaifu, zinaliwa na kutu. Sisi tulizitoa zote, tukaweka zetu. Na nyingine: pima urefu. Nanga ni fupi kuliko zile za tembo. Ukichomoa ya zamani ukadhani hii itaingia pale pale, utabaki na pengo na kijiji kizima hakina maji."

Veneranda alihisi mabega yake yakishuka. Hakujua alikuwa ameyakunja tangu lini. Tangu asubuhi ile kwenye chemba kila mtu alikuwa akimwambia uzuri wa kitu. Huyu ndiye wa kwanza kumpa ubaya wake, na ubaya wenyewe ulikuwa wa aina anayoiweza. Boliti anaweza kubadilisha. Pengo anaweza kuliziba. Alimshukuru Octavian mara nyingi, mpaka mwenyewe akacheka na kumwambia awahi basi.

Kikao cha jumuiya kilikuwa kigumu kuliko safari. Reveriani alisema wazi anachofikiri, na hakusema upuuzi.

"Mama Hilari, mimi naheshimu kazi yako. Lakini Nyota inafika kesho kutwa. Nanga tutaingoja. Wakati tunaingoja, mama zetu wanabeba ndoo, na kile kibano chako kinaweza kukatika. Kikikatika watu watauliza ni nani aliyesema tungoje."

"Watauliza, na nitajibu ni mimi," Veneranda alisema. "Nyota huenda ni nzuri. Siisemi vibaya. Ila siku itakayochoka, tutarudi hapa hapa tulipo leo, tunangoja nyingine tukiwa hatuna maji. Nanga ikichoka, mimi na Vedasto tunaifungua, tunaweka mpira, tunaifunga, watu wanapika chakula cha mchana. Tena mimi mpira huo nitauagiza sasa, ukae stoo kabla haujahitajika."

Mjumbe mmoja akauliza kama ana uhakika. Alitaka kusema ndiyo. Akasema, "Nina uhakika kuliko nilivyokuwa juma lililopita."

Watu walicheka kidogo. Reveriani akasema, "Haya. Fundi ni wewe. Tungoje."

Siku iliyofuata Martha alipokea agizo. Kilichobaki kilikuwa kitu ambacho Veneranda alikuwa akikisogeza mbele kila siku, kama mtu anayeogopa kung'olewa jino: kumwambia Mzee Shaban.

Angeweza kunyamaza. Mzee angesikia tu, Tabora si kubwa. Ila huwezi kumwacha mtu aliyekufungulia stoo yake, kisha ukampita barabarani kama humjui. Alipanga maneno ndani ya basi, akayapangua. Alipofika dukani alimkuta Mzee amekaa kwenye kiti chake cha kamba, kikombe cha kahawa mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Karibu, kaa. Habari za Bukulu? Mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimia."

Walizungumza mvua, wakazungumza bei ya asali, wakamzungumzia jirani aliyefariki. Kahawa ikaletwa. Veneranda aliinywa ikiwa ya moto mno, ikamchoma ulimi.

"Mzee, valvu kuu ya Bukulu imeharibika."

"Nilisikia."

"Na sikuja kuchukua tembo." Sauti yake ilikuwa imekonda. "Nimeagiza ya kiwanda kingine, kupitia wakala wa Mwanza. Sikutaka uambiwe na watu. Nimekuja mwenyewe. Kama nimekukosea, nakuomba radhi, maana wewe kwangu..."

Hakumaliza. Mzee Shaban aliweka kikombe sakafuni taratibu. Mtu akaingia kununua koki, akahudumiwa na mpwa wa Mzee, akatoka. Kisha Mzee akavuta pumzi ndefu, mpaka kifua kikainuka.

"Alhamdulillahi," alisema.

Veneranda hakuelewa.

"Njoo huku," Mzee alisema. Alimpeleka stoo, akavuta turubai. Chini yake palikuwa na valvu kubwa za tembo, mpya, zimepangwa, hazijaguswa. "Unaziona? Zimekaa hapa tangu ile yako ya shule ilipopasuka. Sijamwuzia mtu hata moja. Wakija nawaambia zimeisha. Mtu na mvi zangu nasema uongo dukani kwangu, kwa sababu siwezi kusema kweli kwamba kitu nilichokisifu maisha yangu yote kimekuwa takataka."

"Mbona hukuniambia, mzee?"

"Ningekwambia nini? Wewe ndiye niliyekuonyesha tembo inavyofanya kazi. Niliposikia valvu kuu imekufa, nikasema huyu atakuja hapa, ataniomba tembo, kwa heshima tu atachukua nitakachompa. Na mimi nitampa nini? Juma zima sikulala vizuri, binti yangu. Nilikuwa nakungoja na sitaki uje." Akaketi juu ya rundo la mabomba na kujifuta uso kwa ncha ya kanzu. "Kumbe umeshapata dawa mwenyewe. Umenitua mzigo."

Veneranda naye akaketi. Alijikuta anacheka, na macho yamejaa maji. Mzee akaanza kucheka pia, kicheko cha kukohoa, mpaka mpwa wake akachungulia kuona kuna nini.

"Sasa niambie hiyo Nanga," Mzee alisema walipotulia, naye alikuwa amekaa mbele kwenye ukingo wa mabomba kama kijana. "Inafunguliwa?"

"Inafunguliwa."

"Mpira unapatikana?"

"Unakuja pamoja nayo, na wa akiba."

"Ubaya wake?"

Akamweleza boliti, akamweleza urefu. Mzee Shaban alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya nyuma, akarudi na boliti nene zisizoshika kutu na kipande cha bomba kifupi chenye flanji, ile midomo mipana ya kupitishia boliti, pande zote mbili. "Hiki kitaziba pengo lako. Pima kwanza, usiniamini mimi. Na huyo mama wa Mwanza unipe namba yake. Huenda na mimi nikaanza kuuza Nanga, kama haringi."

Aliporudi Bukulu jioni ile, Gervasi alimwona anakuja na kusema anatembea kama mtu aliyevua viatu vilivyombana.

Nanga ilifika na lori la mizigo, imefungwa kwenye sanduku la mbao. Kibano kilikuwa bado kimeshika. Veneranda aliipima kabla ya kuigusa kwa spana. Alikuwa amekata boksi la karatasi ngumu kwa umbo la flanji ya zamani na kulitoboa matundu yake; akaliweka juu ya Nanga, matundu yakakutana na matundu. Akapima urefu pamoja na kile kipande cha Mzee Shaban, akapima tena, akampa Vedasto naye apime bila kumwambia yeye amepata ngapi. Walipata sawa.

Siku ya kazi watu wote walijaza maji usiku wake. Asubuhi pampu ikazimwa, tenki na bomba vikakaushwa, na wanaume wakasimama juu ya chemba na chenibloki, mnyororo wa kuinulia chuma. Boliti za zamani ziligoma. Nyingine zilikatwa kwa msumeno. Valvu ya tembo ilipotoka, nzito na nyeusi kwa kutu, Veneranda aliwaambia waiweke pembeni taratibu, wasiitupe. Ilikuwa imefanya kazi yake.

Nanga ikashushwa. Kipande kifupi kikaingia. Boliti za upande wa tenki ziliingia zote, za upande wa pili zikaingia zote isipokuwa moja, ambayo haikutaka. Jua lilikuwa utosini. Reveriani, aliyekuwa amesimama juu mikono nyuma, hakusema neno, na Veneranda alimshukuru kimoyomoyo kwa hilo. Alilegeza zile nyingine kidogo, akaisukuma valvu kwa bega, akamwambia Vedasto, "Sasa." Boliti ikaingia kama ufunguo.

Walikaza zote kwa zamu, huku kidogo na kule kidogo, ili flanji zikutane sawasawa. Pampu ikawashwa. Tenki likaanza kujaa. Veneranda alingoja, kisha akafungua usukani robo, akasikia upepo unatoka bombani mbele kwa kukoroma, kisha maji. Akapitisha kitambaa kikavu kwenye kila kiungo. Kikabaki kikavu. Akafungua nusu, akafungua yote.

Hakuna aliyepiga kelele. Walikaa kwenye nyasi wakingoja, kwa kuwa maji yanahitaji muda kushuka mpaka mtaa wa chini. Simu ya Veneranda ilipoita alikuwa Theodora, muuguzi wa kituo cha afya.

"Mama Hilari, mmefanya nini huko juu?"

"Kwani vipi?"

"Nilikuwa nimeacha koki ya chumba cha kujifungulia wazi, nikidhani hakuna kitu. Sasa nimelowa mpaka nywele. Yanatoka kwa nguvu, mwenzangu, siyajui haya maji." Akawa anacheka. "Nyamaza usikie." Akasogeza simu, na Veneranda akasikia maji yanapiga kwenye sinki, kelele tele.

Aliwapa wengine wasikilize, simu ikapita mkono kwa mkono. Reveriani aliishika muda mrefu kuliko wote. Alipoirudisha aliketi karibu naye kwenye nyasi.

"Nilikuwa naogopa," alisema.

"Hata mimi, mwenyekiti."

"Sasa, Mama Hilari, ile valvu ya njia ya shule, tuliyoifunga kwa viraka. Na ile ya sokoni. Nazo si tungepanga..."

Veneranda alikuwa amekwishajilaza chali, mikono yenye grisi juu ya tumbo, kofia imemfunika macho.

"Kesho, mwenyekiti," alisema kutoka chini ya kofia. "Tutapanga kesho. Leo niacheni nilale kidogo hapa hapa."